Chuma Nilichokishika Nikanyamaza

Jumamosi, 17 Januari

Maji ya rejeta, sawa. Oili, chini kidogo ya alama. Tairi la nyuma kulia limelala tena, nimelijaza kwa pampu ya mguu. Dumu la petroli lipo stoo, lita kumi, halijaguswa tangu Novemba. Hilo ni la Rumonge, haliguswi.

Haya nayafanya kila Jumamosi asubuhi kabla Swedi hajafika. Akifika anafungua boneti, anachungulia, anasema gari liko safi. Baba, kitini pake barazani, anatabasamu. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, lakini tabasamu anajua pa kulielekeza. "Swedi ana mukono wangu," anasema. Nimeusikia wimbo huo tangu tukiwa wadogo. Huo mkono sijawahi kuuona na grisi.

Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Namwonea mdogo wangu wivu. Wa kuuma meno.

Jumapili, 18 Januari

Usukani umezidi kulegea. Unauzungusha robo nzima, magurudumu hayana habari. Ni kremayeri, kile chuma kirefu kinacholala chini ya injini na kuyageuza magurudumu. Imekwisha. Corolla hii ina umri wa Swedi, ina haki ya kuchoka.

Swedi aliifungua leo. Mimi nilimpa spana, nilimshikia taa, nilimwambia boliti ipi ianze. Baba alimsifu Swedi.

Shaaban inakaribia. Kila mwaka kabla ya mfungo tunakwenda Rumonge kuzuru kaburi la Mama. Mwaka jana hatukwenda, mji mzima haukuwa na petroli. Baba hakula siku mbili. Anasema Mama alingoja. Mwaka huu lazima, na lazima kwa gari hili, maana kiti cha mbele ni cha Mama. Baada ya Ramadhani, amesema, atalitoa gari. Hakusema kwa nani. Hakuna aliyeuliza. Wote tunajua.

Jumamosi, 24 Januari

Swedi alikwenda Asiatique, mtaa wa maduka ya vipuri, na kremayeri ya zamani mabegani, akazunguka maduka, akarudi na nyingine ndani ya gunia. Ya zamani ameiacha huko huko. Ndivyo wanavyofanya: ukiacha mbovu, wanakupunguzia. Alifurahi kama mtu aliyeoa. Baba alifurahi zaidi. Swedi akaniomba niisafishe, yeye anawahi mkutano wa kazini. Mimi nifundishe fizikia juma zima, halafu Jumamosi niwe dobi wa vyuma vyake.

Nilimimina petroli kidogo kwenye bakuli, ile iliyobaki chupani. Nikasugua. Kisha nikafumba macho, nikashika kichwa chake kwa mkono wa kushoto, nikapeleka kidole gumba kutafuta meno.

Meno yapo upande usio wao.

Ni ya gari la usukani wa kulia. Haya magari yanayoingia kupitia Dar. Letu ni la zamani, la kutoka Ulaya, usukani kushoto. Ukizilaza kremayeri mbili chini, urefu sawa, matundu sawa, asiyejua haoni tofauti. Kidole gumba tu ndicho kinachojua. Baba alimfundisha Swedi hivyo dukani kwake, enzi akiuza vipuri, Swedi amekaa kwenye kigoda anahesabu nzi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, napangusa vyuma kwa tambara. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikia tu.

Nilikwenda barazani kusema. Naapa nilikwenda kusema. Nikampelekea Baba chai. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Umeona? Swedi amepata. Ana mukono wangu yule."

Nikarudi ndani. Nikairudisha kremayeri guniani, nikafunga kamba.

Jumatatu, 26 Januari

Duka lile bado lina ile yetu ya zamani. Ningempigia Swedi simu leo, angeirudisha hii ya guniani na kuikomboa yetu, tungepata muda wa kutafuta nyingine. Sikupiga. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajiambia. Kisingizio kizuri. Nimesahihisha madaftari arobaini, sikumbuki hata moja.

Alhamisi, 29 Januari

Baba aliuliza Swedi atafunga lini. Jumapili, nikamwambia. Akaanza kuhesabu kwa vidole siku za Shaaban zilizobaki. Gunia liko pale mlangoni. Kila nikipita nalitazama, nalo kama linanitazama. Nataka Swedi aaibike. Nataka hasa Baba awepo.

Jumapili, 1 Februari

Alikuwepo.

Swedi alilala chini ya gari tangu saa mbili. Ilipofika saa tano akatoka, jasho tupu, anasema haiingii vizuri, kichwa kinaangalia upande mwingine. Baba akaomba aletewe. Akaipakata mapajani kama mtoto. Kidole gumba kikatembea mara moja tu.

"Hii ni ya volan ya kulia."

"Apana, Baba. Tuliipima na ile ya zamani. Ni sawasawa." Kisha Swedi akasema labda ataigeuza tu, ya mbele iwe nyuma.

"Ukiigeuza itaingia," Baba akasema. "We unakata kulia, gari inakwenda kushoto. Unatumaliza wote mu barabara ya Rumonge."

Swedi aliinama. Shingo yake iling'aa kwa jasho na aibu. Nilikuwa nimeingoja shingo hiyo juma zima. Sikuonja utamu wowote.

Kisha Baba akauliza, "Zaina aliiona?"

Swedi akajibu haraka: "Apana. Ilikuwa mu gunia. Dada hakuiona."

Alisema uwongo kwa ajili yangu. Baadaye jikoni akaninong'oneza, "Usijali, Dada. Hata mi sikujua, we ungejulia wapi?" Hakuwa ananifichia uovu. Uovu haukumjia akilini. Alidhani mimi ni mjinga, akanihurumia. Hata ubaya wangu hawanidhanii, maana ubaya ule unataka ujuzi.

Nimelia chooni. Kwa hasira, si kwa toba.

Jumanne, 3 Februari

Nimeanza kutafuta mwenyewe. Asiatique, lile duka: ya zamani imeshauzwa kwa mchoma vyuma. Buyenzi, chini ya mabati, mafundi wamepanga kremayeri kama kuni. Nikazishika moja moja, macho nimefumba. Kulia. Kulia. Kulia. Fundi mmoja mzee aliacha kazi kunitazama. "Mama, nani alikufundisha hivyo?" Nikasema Baba. Ilikuwa kweli kwa namna fulani.

Siku kumi na mbili tu kabla ya Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo. Jana Baba aliacha nusu ya ugali.

Ijumaa, 6 Februari

Yule fundi wa Buyenzi, niliyemwachia namba, amenitumia ujumbe. Kuna mjane huko Kinindo, nyuma ya nyumba yake kuna Corolla ya usukani kushoto, imekaa tangu mumewe afariki. Majani yameota hadi kwenye vioo.

Jumamosi, 7 Februari

Nimekwenda Kinindo. Mama Béatrice, mwembamba, suruali ya bustanini, mswaki mdomoni. Nililala chini ya lile gari na gauni langu la kazini. Nikaifikia kwa mkono. Kidole gumba kikasema kushoto. Nilicheka peke yangu kule chini, na mchwa wakinipanda.

Hataki pesa. Pesa haimpeleki Gitega, amesema, na bintiye kajifungua huko. Anataka petroli, lita kumi.

Nilirudi nyumbani, nikalitazama lile dumu muda mrefu. Kremayeri bila petroli, hatufiki. Petroli bila kremayeri, hatufiki. Nimelipakia dumu kwenye pikipiki, nimelipeleka, nimerudi na kremayeri. Sikumwomba mtu ruhusa.

Jumatano, 11 Februari

Nimeifunga. Jioni tatu, baada ya shule, kabla giza halijaingia. Swedi alikuja leo, akakuta nimelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Alisimama hapo, kisha akavua shati, akaniuliza ashike wapi. Nikamwambia. Akashika. Akauliza tena, ya pili aikaze kiasi gani. Sikutegemea aulize.

Nilipomwambia kuhusu dumu alishika kichwa. Kisha akasema foleni ataikaa yeye.

Ijumaa, 13 Februari

Siku ya pili ya foleni. Kituo kimeahidiwa lori. Hawajazi madumu, gari lenyewe lazima liwepo. Letu lina petroli ya kuwasha tu, kwa hiyo tunalisukuma. Baba alikataa kubaki nyumbani. Akaketi kwenye usukani, kanzu nyeupe, macho mbele kana kwamba anaona. Mimi na Swedi tukaegemeza mabega nyuma. Foleni ikisogea, nasema, "Kushoto kidogo, Baba. Nyoosha. Simama." Anafanya. Usukani ulimtii. Niliona mikono yake inausikiliza.

Mchana Swedi alikwenda kutafuta maandazi. Nikaketi kando ya Baba, kwenye kiti cha Mama. Akasema bila kugeuka:

"Siku ile uliniletea chai, mikono yako ilinuka esansi."

Esansi, petroli ile ya bakuli. Nilidhani nimeinawa yote.

"Mutu anasafisha kremayeri bila kuweka kidole kwa meno? Si mutoto wangu mi. Ulikuwaga nyuma ya pazia, unasikiliza. Nilikuwa nasema kwa sauti."

Kisha akasema, "We ulijua."

Nimengoja maneno hayo tangu nikiwa na miaka tisa. Kwamba anajua kuwa najua. Nilipoyapata, yalikuwa hukumu. Nikasema ndiyo, nilijua. Akaitikia kwa kichwa. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Kumbe alikuwa akisema kwa sauti. Nimeandika sentensi hii nikaifuta, nikaiandika tena.

Lori lilifika saa kumi.

Jumapili, 15 Februari

Rumonge. Swedi aliendesha. Baba mbele, mimi nyuma na sufuria ya pilau mapajani. Barabara ya ziwa ina mashimo mapya, lakini usukani haukutikisika hata mara moja. Swedi alijaribu kukata kulia pale penye shimo kubwa, gari likaenda kulia.

Baba alishikwa mkono mpaka kaburini. Alisoma Yasini yote kwa moyo. Kisha akamwambia Mama kwamba mwaka jana ilikuwa petroli, asikasirike. Tukang'oa majani. Alipoomba tumwache peke yake, nikamwita Swedi nyuma ya gari, nikamweleza. Gunia. Kidole. Juma zima nikipita mlangoni. Kwamba nilitaka aaibike.

Alinisikiliza huku akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Akasema, "Tungekufa, Dada." Basi. Tulipofika nyumbani, Baba alivua ufunguo shingoni, ule wa uzi mweusi, akaunyoosha hewani. "Swedi. Sitangoja Ramadhani iishe. Chukua sasa." Swedi akauchukua, akaondoka kwa miguu, gari akaliacha pale pale.

Imeniuma. Nilijua itakuwa hivyo na bado imeniuma.

Jumanne, 17 Februari

Swedi hajaja wala hajapiga. Nimepeleka salamu kwa mkewe, amezipokea kwa baridi. Ana haki.

Usiku wa jana Baba aliniita kumwekea mto. Nikadhani ni hilo tu. Akasema, "Gari nimemupa yeye kwa sababu ana watoto. Lakini kujua hana. Mufundishe. Yote. Hata ile unapenda kuficha."

Nikamuuliza kama Swedi atataka. Akasema hilo si swali lake.

Jumamosi, 21 Februari

Siku ya tatu ya mfungo. Niliamka kupima maji ya rejeta kwa mazoea, kisha nikakumbuka ufunguo si wetu tena. Nikatoka hivyo hivyo.

Swedi alikuwa ameshafika. Kabla yangu, kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameitoa ile kremayeri ya kulia guniani, ameiweka mapajani. Hakusalimia. Alisema tu, "Nionyeshe."

Barazani Baba alikuwa na tasbihi. Alijifanya hasikii.

Niliketi ngazi ya juu yake. Nikamwambia afumbe macho. Nikakishika kidole gumba chake, laini bado, nikakipeleka mahali pa meno, nikakiacha hapo mpaka kikajua. Nilisema kwa sauti.

Kisha tukafungua boneti, tukapima oili. Ilikuwa chini kidogo ya alama.