Mfanyakazi Mmoja wa Bustani

6 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti bado linanisumbua. Dada yako anakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana karani wetu hapa bustanini kaniletea jarida la taasisi yenu. Kuona jina lako, nikapiga kigelegele mpaka wanunuzi wa miche wakageuka. Kisha nikasoma. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, anayefunika mayai yake chini ya jani. Siku kumi na tisa hali kitu. Sisimizi wakija, anainamisha mgongo kama ngao na kutikisa mabawa. Yote yametoka kwenye daftari nililokutumia! Mimi ndiye niliyelala kifudifudi kwenye tope wenzangu wakinicheka.

Na mimi niko wapi humo? Mstari wa mwisho: "Tunamshukuru mfanyakazi mmoja wa bustani."

Mfanyakazi mmoja! Ndiye aliyekuzaa?

Tena mmeandika kwamba mayai yakianguliwa mama huenda zake. Uongo mtupu. Nilikuandikia kwamba anabaki, na watoto wanajibanza chini ya tumbo lake siku kadhaa. Mmemsingizia mwenzangu kwamba katelekeza wanawe.

Mama yako

19 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, kazi tele.

Mama, usikasirike. Jina lako nililiandika, mkuu wa idara akalifuta. Alisema wataalamu hawatauamini ushahidi wa mtu anayemwagilia miche. Kuhusu mama kubaki na watoto, alisema ni hisia za kike. Ningebisha, angenitoa kwenye utafiti. Lakini wote hapa wanasifu kazi yako, hata kama hawajui ni yako.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Sijambo. Hizo sifa ni kilemba cha ukoka, mpelekee mkuu wako avae.

Hisia za kike! Mimi nilihesabu. Watoto thelathini na wanne, asubuhi na jioni, kwa tarehe. Yeye alihesabu nini? Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, umenyamaza. Yeye hanijui, simlaumu sana. Wewe unanijua.

Usiniombe daftari jingine. Wala usiniandikie mpaka uwe na la maana.

Mama yako

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimepiga simu, dada anasema uko kwenye miche. Mara tatu uko kwenye miche. Naomba unijibu hata neno moja.

Mwanao

14 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaifungua barua hii, lakini sasa ninalo la maana.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano mkubwa wa wataalamu wa wadudu. Mkuu alisoma ile makala. Akasimama mama mmoja mgeni, mtu mzima, akauliza, "Mayai yakishaanguliwa, nani alikaa pale akahakikisha kwamba mama anaondoka?"

Mkuu akasema, "Vijana wangu."

Hapo nikasimama. Nikasema, "Hakuna kijana aliyekaa. Aliyekaa ni mama yangu mzazi, na aliona mdudu akibaki. Daftari lake hili hapa."

Mkuu akaniambia, "Keti chini, kijana."

Sikuketi. Nilisoma kurasa zako zote, mpaka ile uliyoandika kwamba mvua imekulowesha na mdudu hakusogea. Yule mgeni alikuwa akinakili.

Sasa nimeondolewa kwenye utafiti, naosha chupa ghalani. Lakini wamelazimika kuchapa masahihisho. Nimeyaambatanisha. Nilichelewa, mama. Nisamehe.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikamsomea dada yako kwa sauti, tukalia sote wawili. Osha chupa zako kichwa juu. Likizo ukipata, njoo. Kitanda chako kimetandikwa.

Hayo masahihisho nayo nimeyasoma. Jina langu lipo kamili, na la baba yako nyuma yake, halikukosewa herufi. Lakini mbele yake wameandika "Bwana". Mdudu wamekubali kwamba ni mama mwema; mimi niliyemwona wameniita Bwana!

Nimemwandikia mkuu wako leo. Usiogope, nimeanza kwa salamu.

Mama yako mzazi