Sindano Kwenye Godoro

Jumatatu jioni

Dada, shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila leo asubuhi nimejichoma. Nilimwekea mgonjwa dripu, sindano nikaichomeka kwenye godoro ili nibandike plasta kwa mikono miwili. Usinigombeze, wodi nzima tunafanya hivyo, boksi la sindano liko mwisho wa korido. Nikaegemea, ikaingia kiganjani, damu ikatoka. Mgonjwa kahamishwa kabla hajapimwa virusi vya UKIMWI.

Nimenawa kwa sabuni, sijamwambia mtu. Muuguzi mkuu yule unamjua kwa ukali, atanisema mbele za watu. Na dawa za kinga zinatolewa dirisha moja na za wenye virusi. Wakiniona pale, habari zitamfikia mume wangu kabla yangu. Mtoto bado ananyonya. Dada, naogopa.

Mdogo wako

Jumanne asubuhi

Marahaba, mdogo wangu. Huku salama. Wewe una wazimu? Miaka yote hii nachoma watu sindano, nisikilize: kunawa umefanya vizuri, lakini kunawa si dawa. Dawa za kinga anza leo leo. Zikipita siku tatu, umekwisha kuchelewa. Habari ya kunyonyesha waulize hapo hapo. Na mumeo mwambie mwenyewe. Mficha uchi hazai!

Nijibu ukishameza.

Dada yako

Jumatano mchana

Simu umezima. Nimempigia mumeo, nikajifanya nasalimia tu. Anasema uko kazini. Kesho asubuhi siku tatu zinatimia. Jamani, mwanangu wee, nenda. Tukana, nuna, nichukie, lakini nenda.

Dada yako

Ijumaa

Dada, shikamoo, na unisamehe. Jumatano jioni nilimeza. Mume wangu nilimwambia usiku ule. Aliniuliza tu dawa nyingine nameza saa ngapi.

Muuguzi mkuu hakunisema. Alifunga mlango, akaketi, akasema yeye alijichoma mwaka juzi, vivyo hivyo, godoroni. Hakumwambia mtu. Wala hakuwa amepima mpaka siku hiyo. Tukapanga foleni ya kupima wote wawili, mimi mbele yake.

Kipimo changu cha kwanza ni safi, nitarudia. Tangu jana hatuendi kwenye kitanda cha mgonjwa bila boksi la sindano kwenye toroli. Sindano ikitoka mwilini inaingia humo, plasta baadaye.

Muuguzi mkuu anavyo virusi, dada. Wamerudia kupima, majibu ni yale yale. Ameanza dawa, na jioni hii ameniomba nimsindikize kwake, akamwambie mumewe. Navaa viatu, naenda.

Mdogo wako