Dakika Kumi na Moja Hadi Zahanati

Ka. Ka. Ka. Ndivyo tulivyojua unakuja, Dada, kabla hujatokeza kwenye kona: gurudumu lako la kupimia likigonga kila mita moja, na watoto wa mtaa wakihesabu kwa sauti mpaka wachanganyikiwe kwenye mia na kitu. Mwaka mmoja umetimia tangu mlio huo unyamaze. Hakuna mlio mwingine uliojaza nafasi yake.

Ulikuwa msomi wa jiografia, mtu wa chuo kikuu, lakini chuo hakikukuona sana. Ofisi yako ilikuwa na dirisha moja, kabati la chuma lisilofunga vizuri, ramani nne ukutani na jozi mbili za raba chini ya meza. Ulimaliza soli kama wenzako walivyomaliza kalamu. Mtu akikuuliza unachunguza nini, hukumtupia maneno mazito ya matumizi ya ardhi na ufikikaji wa huduma mijini. Ulimwambia, "Nachunguza nani anafika, na akifika amechoka kiasi gani."

Majirani walisikia unaitwa daktari, wakaishika hiyohiyo. Asubuhi moja mshona viatu wa pale kwenye kona alikuja na goti limevimba.

"Daktari, hebu nitazamie hili."

"Mzee wangu, mimi daktari wa njia, si wa magoti."

"Na hiyo njia yako inapita wapi kama haipiti kwenye magoti?"

Ulicheka mpaka ukakaa kizingitini. Kisha ukaliandika swali lake kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yako, na maprofesa wakalazimika kulisoma.

Hukuwahi kula ukiwa umesimama. Hukuwahi kumpita mtu mwenye mzigo bila kumpokea. Ulikunja risiti, bahasha na vipande vya magazeti ukaandika nyuma yake muda wa kuondoka na muda wa kufika, na hadi leo tukifungua droo yoyote tunakutana na mwandiko wako: saa mbili na dakika nne, saa mbili na dakika kumi na tano. Mama haruhusu chochote kitupwe.

Ofisi ya mipango miji ilipima umbali wa kwenda zahanati kwa rula, juu ya ramani. Mita mia sita. Wakaandika kwamba huduma ipo, wakafunga faili. Rula haina habari na mtaro, wala na uzio, wala na barabara kuu ambayo gari halimsimamii mtu. Wewe ulipima kwa miguu. Tena si miguu yako. Ulimchukua Mama, mwenye presha na nyonga mbovu, ukamfuata nyuma na saa mkononi.

Chuoni walikuuliza kwa nini utafiti mzima utegemee mwendo wa mwanamke wa miaka sabini. Ukawajibu, "Kwa sababu ndiye anayekwenda zahanati. Kijana mzima anakwenda kufanya nini huko?"

Mama naye hakuacha kulalamika. "Mwanangu kanifanya mimi kipimo."

"Wenzangu wanapima kwa chuma, Mama. Mimi napima kwa dhahabu."

"Dhahabu gani hii inayouma nyonga!"

Ukapata majibu yako. Kwa njia ya miguu inayokatiza eneo la wazi nyuma ya nyumba zetu, Mama alifika zahanati kwa dakika kumi na moja. Njia hiyo ikifungwa, dakika arobaini na sita, na kuvuka barabara kuu mara mbili. Kaya mia sita na kumi na mbili zilitegemea njia hiyo. Ulizihesabu mlango kwa mlango.

Kwenye ramani ya zamani eneo lile lilipakwa kijani. Likaja pendekezo la kulipaka zambarau, rangi ya maghala, na kulizungushia ukuta. Ulitandaza ramani juu ya kitanda cha Mama ukatuonyesha kwa ncha ya kalamu. "Wakibadilisha rangi hii moja tu, Mama anaongezewa dakika thelathini na tano kila akienda kupimwa. Kwenda tu. Kurudi sijahesabu."

Kikao cha kusikiliza pingamizi kiliitishwa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ulikuwa na wiki ya tatu wodini, figo zimegoma. Kaka yetu mkubwa, fundi umeme, alikuwa kazini mji mwingine. Nikabaki mimi, mdogo wako.

"Malenga," uliniita. Jina hilo ulinipa kwa utani, mimi nikalivaa kama nguo ya sikukuu. "Utasoma hii. Ni ukurasa mmoja, na kila msemaji ana dakika tatu. Zinatosha."

"Dada, mbona kavu hivi?"

"Iache ikauke."

"Watasinzia."

"Wasinzie. Mradi karani aandike. Anachoandika karani ndicho kinachobaki. Usiipambe, mdogo wangu. Soma kama ilivyo."

Nikaitikia. Na hapa, Dada, ndipo ninapokuambia mbele ya watu wote wanaosoma kile nilichoshindwa kukuambia ukiwa hai.

Sikuisoma. Vina na mizani nilijifundisha mwenyewe, hakuna mwalimu aliyenishika mkono, na niliamini ukumbi ule ulikuwa unanisubiri mimi. Nilikuwa nimetunga beti nane. Wa kwanza ulikuwa huu:

Mnaichora ramani, mkiwa mmekalia,
Mguu wa masikini, wino haujasikia,
Ukuta pale njiani, watu mtawafukia,
Nawaonya hadharani, siku itawafikia.

Vina vimekaa. Mizani imetimia. Na ndani yake hamna hata dakika moja kati ya zako.

Walipiga makofi. Wengine walisimama. Mwenyekiti alitabasamu, akatazama saa, akasema, "Kijana ana kipaji. Haya, anayefuata." Dakika zangu tatu zilikuwa zimekwisha. Karatasi yako ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne, na nilitoka nje kifua mbele nikiwa sijaigusa.

Mchana nikaja wodini. Ulikuwa umeegemea mito miwili, midomo imekauka.

"Vipi?"

"Dada, ukumbi ulisimama."

"Ilipotajwa arobaini na sita, walisemaje?"

"Walishtuka."

"Afadhali," ulisema. Ukageukia ukutani ukalala. Siku tisa baadaye ukatutoka, mchana, Mama akiwa ameshika kikombe chako cha maji.

Muhtasari wa kikao ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo wiki moja baada ya mazishi. Nilikwenda kuusoma peke yangu. "Mkazi mmoja alisoma shairi. Hakuna pingamizi lenye takwimu lililowasilishwa." Sentensi mbili. Karani hakukosea neno.

Mwezi uliofuata matofali yakaanza kupanda. Nilikwenda pale nikamporomoshea matusi mwashi ambaye kosa lake lilikuwa kuijua kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachota udongo wa saruji, akaweka tofali jingine.

Kaka aliporudi alichukua nakala ya ukurasa wako kwenye droo akaipeleka ofisi ya mipango miji. Afisa aliisoma mara mbili. Akamwambia, "Ndugu yangu, karatasi hii ingeletwa siku ile tusingekuwa na la kusema. Sasa muda wa pingamizi umepita." Kaka alirudi nyumbani akaniuliza, "Wewe si uliisoma?" Nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Chuoni chumba chako kimepewa mtu mwingine. Raba zako zimo kwenye boksi, ramani nne zimekunjwa zimesimama nyuma ya mlango wetu. Ripoti yako ina jalada la buluu na iko maktaba, rafu ya chini kabisa. Nimeitazama kadi yake ya kuazimia. Ina muhuri mmoja tu, wa mwanafunzi wako aliyekusaidia kuisahihisha.

Watu wanatuambia muda huponya. Labda kwa wengine. Sisi mwaka umetuchimba zaidi. Tuliamini mtu akisema ukweli uliopimwa, hatua kwa hatua, kuna mahali utasikika. Ukweli wako ulipimwa kuliko wa mtu yeyote, na kilichouzuia hakikuwa mwenyekiti wala mwenye maghala. Kilikuwa mdomo wangu. Sijatunga ubeti mwingine tangu hapo, na wala sioni kama ni hasara kwa mtu.

Mama hajakanyaga zahanati mwezi wa nne sasa. Ukimuuliza anasema amepona.

"Presha haiponi, Mama."

"Basi imenizoea."

Muuza duka wa kando ya barabara kuu ndiye aliyetueleza. Mara ya mwisho alimkuta Mama ameketi kwenye ukingo wa lami, kati ya kivuko cha kwanza na cha pili, amejifunika uso kwa khanga, akihema. Mama alipofika zahanati, chumba cha kupimia kilikuwa kimeshafungwa. Alirudi bila kupimwa, akatuambia foleni ilikuwa fupi.

Maneno haya nimemsomea Mama jana kabla ya kuyapeleka kuchapwa, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Kaka alikuwa juu ya stuli anakaza swichi. Nilipofika sehemu ya ukumbi wa kikao, Mama aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo zile dakika hazikusomwa."

"Hazikusomwa, Mama."

"Na mwenzako ulimwambia zimesomwa."

"Ndiyo, Mama."

Kaka aliacha kukaza. Hakugeuka. Mama alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilisubiri anifukuze, na angenifukuza ningekwenda.

"Alilala siku tisa akijua njia imepona," alisema mwishowe.

Nikamwambia nitaifuta sehemu hiyo, niweke wema wako peke yake.

"Usifute," akasema. "Yeye hakufuta kipimo chake hata kimoja. Waisome hivyohivyo."

Unakumbukwa na Mama, aliyekuwa kipimo chako. Unakumbukwa na Kaka na Wifi yako, na watoto wao watatu wanaouliza Shangazi alikuwa anahesabu nini. Unakumbukwa na wanafunzi wako, na mshona viatu wa kwenye kona, ambaye goti lake halijapona na hana wa kumtania. Unakumbukwa na mimi, mdogo wako, kwa uchungu ambao sitaki upungue. Siku zote tutakazojaliwa, Dada, wewe utakuwa nasi.

Leo asubuhi Mama ameuliza kama zahanati bado inapima presha Jumanne. Kaka alikuwepo, Wifi alikuwepo, na nimemjibu kwa sauti wote wasikie: "Inapima, Mama. Nitakwenda nawe. Tutauzunguka ukuta wote, ukichoka tutakaa chini, tutainuka tena, na njia nzima sitakuambia tumekaribia kama hatujakaribia."