Mteja Wangu Kachukua Sauti ya Shangazi Yangu

Mama Evdokia mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni hapa ofisini, naomba unisaidie kabla sijatoka. Mimi ni wakili wa hakimiliki mjini Plovdiv, zamani nilikuwa naandika programu za kompyuta, nikachoka, nikaenda kwenye shirika dogo la hisani lililorekodi nyimbo za akina mama wa vijijini na kuziweka kwenye ghala la mtandaoni nililolijenga mimi, watu wasikilize bure, ila atakayetaka kuzifanyia biashara lazima awaombe waimbaji wenyewe, sharti hilo nililiandika mimi na ndilo lililonitia hamu ya kusomea sheria, na sasa nimeajiriwa na kampuni kubwa ya mawakili, mama mkwe ananitaja mpaka kwa muuza samaki.

Basi tumepata wateja, vijana waliotengeneza mchezo wa kompyuta wa vita, kwaya moja ya kijijini inawalalamikia kwamba wametumia wimbo wao bila ruhusa, nikausikiliza, na pale joka la mchezoni linapokufa anayeimba ni shangazi yangu Zlatka. Bosi wangu, Bwana Karastoyanov, akasema, "Kesi hii nimekupa wewe kwa sababu ghala lile la nyimbo umelijenga mwenyewe. Mianya yake unaijua." Nikasema sawa, sijui kwa nini.

Jumapili shangazi akaja nyumbani na wenzake watatu wa kwaya, wamebeba banitsa, andazi la tabaka lenye jibini, wakajipanga sebuleni kama waliokuja kuposa.

"Mwanangu, tumeibiwa sauti," akasema. "Wakili tumeshampata. Ni wewe."

"Mnataka walipe, shangazi?"

"Walipe nini? Ule ni wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao. Wao wameniweka niliimbie joka linalokata roho. Wautoe. Au basi na mimi wanichore humo, niliue mwenyewe."

Mwenzake mmoja akasema yeye apewe shoka. Mume wangu Ognyan akakimbilia jikoni kucheka, mimi nikasema, "Nitaangalia," wakaondoka wakinibariki.

Sasa kila upande unaamini mimi ni wao, Alhamisi wanakutana hapa ofisini na shangazi anadhani mkutano nimemwandalia mimi, nimefikiria kusema sauti imenikauka, au niwapatanishe kimyakimya pasipo mtu kujua, maana nikisema ukweli kazi naiona inaondoka, nikinyamaza nitampoteza mtu aliyenilea. Nifanyeje?

Wakili wa Pande Mbili, Plovdiv

*

Wakili, kwanza toka chooni, wenzako wanangoja.

Nakuonea huruma, maana si wewe uliyewatuma vijana wale. Lakini jamani, umesoma kompyuta, umesoma sheria, katikati ukawahudumia watu bure, halafu sentensi moja ikakushinda: "Huyu ni shangazi yangu." Ulipaswa kuisema pale pale joka lilipokufa.

Hiyo habari ya kupatanisha kimyakimya ifute. Ni kuwadanganya wote wawili kwa adabu. Leo hii ingia kwa Karastoyanov, wala usikae, mwambie mlalamikaji amekulea, sharti la nyimbo umeliandika wewe, na unajitoa. Akikuuliza mianya, mjibu kwamba hutamwonyesha hata mmoja. Akiwa na akili atakushukuru, kwa sababu jambo hili likifumuka mbele ya hakimu, atakayeaibika ni yeye. Asipokuwa na akili atakufukuza, utalia siku mbili, kisha utaajiriwa kwingine. Anayejua kompyuta na sheria kwa pamoja hakai nyumbani sana.

Halafu nenda kijijini, usipige simu. Mwambie Zlatka kwa mdomo wako kwamba huwezi kuwa wakili wake, na siri za wateja usimpe hata nusu neno. Atakusema yeye na wenzake, kwa sauti nne. Vumilia. Wakinyamaza, wapeleke kwa wakili mwingine, shirika lako la zamani halikosi kumjua mmoja, na madai ya shoka wamweleze huyo.

Alhamisi chukua likizo. Na usije ukasimama nyuma ya mlango kusikiliza, maana nimeshakujua.

Mama Evdokia