Mstari wa Hodaya Unapanda

Jumapili, 6 Novemba 2011

Binti yangu Hodaya anakuja hapa kwetu Yeruham kuhutubia. Daktari Hodaya — si wa meno kama mwana wa jirani yangu Perla, wa takwimu. Anahesabu saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake wa Kiyahudi, mwaka hadi mwaka, tangu miaka ya kabla hajazaliwa. Perla kaniuliza, "Shoga, kuhesabu tu? Haponyi?" Nikamwambia mwanao ang'oe meno, wangu anahesabu taifa.

Nimealika kila aliyekuja wiki hii kwenye josho la twahara, bwawa letu wanawake la kujitakasa baada ya hedhi. Mimi ndiye msimamizi. Hakuna anayezamisha kichwa mpaka nimemkagua kucha na nywele. Basi nimesimama mlangoni: usipoahidi kuja kumsikiliza, huzami.

Jumanne, 8 Novemba

Nimewaandaa wasije wakauliza ya kijinga. Ugonjwa huo si wetu. Waume zetu wametahiriwa, sisi tunahesabu siku zetu na kuoga josho. Daktari mmoja aliniambia mwaka nilioolewa: "Mama, nenda kapike, nyinyi hampati." Na mimi nawazamisha mwaka wa ishirini na sita huu. Kwa hiyo sehemu ya sifa ni yangu. Sisemi nusu. Robo.

Yale madoa ya damu niliyoyaona Septemba — uchovu tu. Kubeba mataulo, na miaka hamsini na tisa hii.

Alhamisi, 10 Novemba

Ukumbi ulijaa pomoni. Biskuti zangu za ufuta, trei tatu, huenda nazo zilisaidia.

Hodaya alionyesha mistari ya takwimu ukutani. Ya nchi nyingi huko juu, wetu chini kabisa. Nikamkanyaga Perla mguu: unaona? Kisha wetu ukaanza kupanda, pole pole, mwaka baada ya mwaka. Nikapiga makofi. Peke yangu.

"Mama," akasema Hodaya kwenye kipaza sauti, "hao ni wagonjwa."

Akaeleza. Bado wagonjwa wetu ni wachache kuliko kwingine, ila uchache si sufuri. Na wengi hawapimwi kwa sababu kuna mtu amewaambia hawapati. Vichwa vyote vikanigeukia.

Perla kainua mkono kama mtoto wa shule. "Na Mama Hodaya amepimwa lini?"

"Kila mwaka," nikasema. Mdomo huu!

Hodaya akanitazama. Anayehesabu taifa hashindwi kumhesabu mama yake.

Ijumaa, 11 Novemba

Haraka, Sabato inakaribia na kalamu lazima ilale. Nilikuwa naunga samaki wa pilipili, Hodaya akaingia jikoni. Umepimwa mara ngapi? Nyingi. Ngapi, Mama? Nikakata kitunguu kizima kabla sijajibu. Hata moja.

Akasema wenzangu nawakagua hadi ukucha, mimi nani ananikagua? Ndipo nikamtajia yale madoa. Akaweka kijiko chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Jumatatu," akasema. "Nikupeleke kliniki au utakwenda mwenyewe?"

Nitakwenda. Mishumaa ya Sabato sasa —

Jumatatu, 14 Novemba

Kliniki. Nimeleta daftari ili nisitazamane na mtu. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Wako kumi na mmoja, wote wa josho langu! Hiyo ndiyo kazi ya binti yangu, asimame aliyezaa kama yule.

Perla naye yupo. Nikamwuliza anatafuta nini. "Nimekuja kuona hiyo 'kila mwaka' yako." Kisha, kwa sauti ya chini, akasema na yeye hajawahi. Perla, mama wa daktari!

Wenzangu wamekaa kama kuku siku ya sikukuu. Mmoja kauliza, inauma? Nikasema haiumi hata kidogo, mimi nimezoea. Mdomo huu tena. Sasa wote wametulia isipokuwa mimi.

Muuguzi ameita namba saba. Ndiyo yangu, ya kwanza kati yetu. Hakuna anayesimama.

"Tangulia, shoga," anasema Perla, "wewe mzoefu." Wanatabasamu, wananingoja. Nikigeuka kurudi nyumbani, kumi na mmoja watanifuata.

Nimeinua kidole: subirini, namalizia sentensi. Nayo ni ndefu. Perla amenishika kiwiko, mkono wake una baridi kuliko wangu, muuguzi ameita saba mara ya pili na mimi bado naandika huku nainuka —