Kwa Nini Ufuta Haukuingia Nyumbani Kwetu

Nyumba ya Nyuma ya Posta,
S.L.P. 41,
Jumatano, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu Kijiko,

Kabla sijakujulia hali, pokea neno hili nisije nikaishiwa ujasiri njiani: babu yako mdogo, yule ambaye picha yake iko juu ya kabati la vyombo, hakufa kwa homa ya mapafu. Nimelificha hilo kwa miaka hamsini na minane.

Sasa nikusalimu kama ipasavyo. Hujambo? Mitihani inakwendaje, na lile dirisha la chumba chako lisilofungika limeshatengenezwa? Huku wote wazima isipokuwa mimi. Miguu imevimba, pumzi naipata kwa mafungu, na muuguzi anayekuja kunichoma sindano ameanza kuniita "baba" kwa upole mno. Mtu wa hospitali akianza kukubembeleza hivyo, ujue amesoma kitu kwenye faili lako.

Bibi yako anakusalimu. Anasema, "Mwambie mume wangu asile kila anacholishwa na wasichana wa huko, akaja kunisahau." Nilimkumbusha kuwa mumewe ni mimi. Akajibu kwamba mimi ni wa zamani.

Barua yako alinisomea shangazi yako, maana herufi zako ni kama sisimizi. Tulicheka kwa ile jibini inayonuka soksi, na kwa uyoga mkubwa kama sahani ulioumaliza ukauliza mchuzi wake uko wapi. Kisha akafika pale ulipoandika kwamba mkate wenye vimbegu vya ufuta ulikuwasha ulimi, midomo ikavimba "kama bondia aliyeshindwa", na kwamba mkimaliza mitihani mtakwenda kwenye mgahawa ambako ufuta husagwa laini kama siagi na kutiwa katika kila chakula. Shangazi yako aliendelea kucheka. Mimi niliomba maji.

Jana asubuhi nilimwagiza akutumie ujumbe: usiguse ufuta mpaka barua ya babu ikufikie. Hujajibu. Labda uko kwenye chumba cha mtihani, labda simu imekwisha moto. Lakini kila simu ya shangazi yako inapolia pale mezani, mimi humtazama uso kabla hajasema "haloo". Leo nimemtuma dukani kwa dawa nisiyoihitaji, simu aniachie hapa mezani, ili niandike haya peke yangu.

Ukoo wetu ulikuwa na mwiko. Aliye wa damu yetu haonji ufuta. Wazee walisema babu mmoja alifichwa na shamba la ufuta wakati wa vita, akaapa kutokula tena kilichomwokoa. Hukuwahi kuusikia kwa sababu mimi niliuzima. Nilipokwenda kusoma sayansi ng'ambo, nikiwa na umri kama wako, niliona haya kuwa mtoto wa watu wanaoogopa mbegu.

Mdogo wangu alinifuata mwaka wa pili, chuo kile kile. Alipenda kuonja vitu vipya kama wewe, ila kabla ya kuonja alikwenda kwanza dirishani kwa wapishi kuuliza kama kuna ufuta. Kila sahani, kila siku. Rafiki zangu wakampa jina la Mkaguzi. "Mkaguzi huyo, funikeni masufuria," walisema akiingia bwaloni. Kwangu walikuja na jingine: "Wewe unatufundisha kemia, na mdogo wako anatambika kwenye foleni ya chakula." Yeye alicheka nao. Mimi nililala nayo.

Jumapili moja mchana nilipika maharage chumbani kwetu, kwenye jiko la umeme tulilokuwa tukilificha chini ya kitanda. Nilitia ndani vijiko vitatu vya ufuta uliosagwa. Nilitaka ale, ashibe, kisha nimwambie mbele ya rafiki zangu wawili: umeona, hakuna kitu. Niliona namfungua macho. Nilimwekea sahani, akala.

Alianza kujikuna shingo. Akasema pilipili imezidi, na pilipili haikuwemo. Midomo ikajaa, sauti ikawa nyembamba. "Kaka, koo," aliniambia. Nami nikamwambia aache maigizo, hofu ya nyumbani ndiyo inayombana. Wenzangu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mmoja alikimbia kumwita daktari wa chuo. Mdogo wangu alinishika mkono wa shati akawa anavuta hewa isiyoingia, akinitazama kama ananisubiri nifanye kitu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Daktari alipofika sufuria ilikuwa imeshaoshwa. Niliiosha mimi, naye akiwa amelala pale sakafuni. Aliuliza alikula nini, nikasema maharage. Nyumbani niliandika homa ya mapafu. Mama aliiweka barua ile chini ya mto wake hadi akafa. Wale rafiki wawili nao wametangulia, wala hawakusema.

Niliporudi na shahada nikawa msomi wa ukoo. Shangazi zangu walipotaka kuwafundisha watoto mwiko ule niliwazuia, kwa sababu mtoto huuliza "kwa nini", na swali hilo nilikuwa nalikimbia. Badala yake nilisema ufuta unanipa kiungulia, usiingie ndani. Kwa kiungulia cha uongo nimewalinda ninyi nyote, na kwa kiungulia hicho hicho nimekuacha uende mbali bila kujua unachobeba.

Kijiko, midomo yako haikuvimba kwa bahati mbaya. Yake pia mara ya kwanza ilivimba tu, alipokuwa mdogo na kulamba kijiko kwa jirani. Mara ya pili haikungoja. Nenda kwa daktari wa chuo, umweleze haya yote bila kunionea haya. Siku hizi wana vipimo, na ipo sindano ambayo mtu hutembea nayo mfukoni. Waambie na unaokaa nao chumba kimoja.

Ninaogopa mambo mengi wiki hii. Naogopa barua ikufikie imechelewa. Naogopa ikufikie mapema, ukaisoma na usiniite babu tena. Nawaogopa mama na mdogo wangu, ambao huenda nikakutana nao kabla yako. Lakini kubwa kuliko hayo ni ile simu iliyonyamaza pale mezani.

Baba yako anakusalimu, na shangazi yako, na jirani yetu fundi cherehani anayeuliza kila siku kama umenenepa. Mungu akuweke penye hewa, akupe wenzako wenye macho, na akuongezee siku zile alizompunguzia mdogo wangu.

Mwisho, nakuagiza uwaulize wapishi kama kuna ufuta. Uliza, lakini mtu akikujibu haraka usimwamini, hata akiwa rafiki, hata akiwa ndugu. Mwambie akuonyeshe chupa na mfuko. Najua unavyowaza: babu naye alikosea kama kijana yeyote, hakuna aliyemwuliza. Aliniuliza. Kijiko kilikuwa mkononi tayari, akasita, akasema, "Kaka, humu hamna ufuta?" Nilimtazama machoni nikamwambia, "Hamna, kula."

Akupendaye, na anayengoja neno lako,

Babu yako.