Amina ya Mstari wa Mbele

Sabaha, uko dukani? Soma ukiwa peke yako.

Ezra ametumaliza. Mume wangu mwenyewe, miaka tisa anahubiri magerezani.

Leo kwenye ibada ya wafungwa ameombea watoto tunaowalea, mmoja mmoja, kwa jina. Nilimkataza mara ngapi? Akafika kwa Ghati: "Bwana, mlinde Ghati wa kijiji cha Kemambo aliyekimbia kukeketwa, anayelala chini ya paa langu."

Chini ya paa langu. Kasema hivyo, Sabaha.

Mstari wa mbele mtu mmoja akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Ni Waitara, baba yake Ghati, aliyefungwa kwa kutaka kumkeketa. Kumbe juzi kahamishiwa hapo, na Ezra hakuwa anamjua kwa sura.

Ibada ilipoisha akamshika mkono. "Asante mchungaji. Mimi ni baba yake. Ijumaa namaliza kifungo, nitakuja kumsalimia mwanangu."

Ezra yuko chumbani analia. Mimi hata machozi sina. Naomba umpokee Ghati huko Mugumu, kesho asubuhi.

Ghati alikuwa hapa jikoni anachambua mchicha, anasikia kilio cha Ezra. Kaniuliza, "Mama, mchungaji kamwona baba yangu?" Nikasema hapana.

Ameacha mchicha. Anafungasha nguo.